Mahali Inapotorokea

Mama Nsenga alileta gari saa nane ya mchana,
mwezi wa kumi, Katuba, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Kiti cha nyuma, sinia tupu, sukari imegandia kama nta:
keki ya harusi, ngazi tatu,
ilimwangukia njiani kabla ya kufika Ruashi.
"Fundi, ile gesi ulitiaka, iko wapi?"

Gesi haiagi.
Haiachi dimbwi chini kama mafuta.
Hata mluzi wake ni wa mtu
anayepita dirishani pa jirani
na hataki kuitwa jina.

Nikafunga geji. Mshale wa buluu ulikuwa umelala
kama mgonjwa aliyegeuzia ukuta uso.
Wapo mafundi, siwataji, tunanunua vipuri duka moja,
ambao papo hapo wangefungua chupa,
wajaze, walipwe, wamwambie safari njema,
na wiki tatu baadaye arudi na sinia jingine.

Mimi nikakoroga sabuni ya kufulia kwenye kopo la maziwa,
nikapaka kwa brashi kila ungio, kila vali,
na shingo ya kompresa. Povu, sema.
Povu likakaa kimya.
Nilitegemea kondensa, pale mbele,
palipopigwa changarawe za barabara ya Kasumbalesa
mpaka mapezi yakapinda kama meno ya kitana cha zamani.
Hakuna kitu.
Yav, kijana wangu, akalaza sikio kwenye bomba.
"Nasikia redio ya jirani tu."

Basi tukatia rangi, kiasi cha kifuniko cha soda,
tukaongeza gesi kidogo ya kuibeba, tukawasha injini, tukaiacha izunguke.
Mama Nsenga akakaa chini ya mjakaranda
akihesabu maagizo ya wiki kwenye daftari,
maua yakimwangukia mapajani, hakuyapangusa.

Saa moja usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Ukasikika ule mguno wetu sote,
mashine ya kuchomelea ikanyamaza katikati ya cheche.
Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi.
Taa yangu ya zambarau hupenda giza,
na hili nilikuwa nimepewa bure.

Nikaipitisha polepole,
kama mtu asomaye barua kwa kidole.
Kompresa: giza. Bomba refu: giza.
Kisha nyuma kabisa, chini ya betri,
bomba linapoingia kifuani mwa gari,
kijani.
Tone moja, kali kama jicho la paka,
limekaa ukingoni mwa nati.

Na juu ya nati, mikwaruzo ya spana yangu.

Mwaka jana niliifungua mimi.
Mpira wa pete ulikuwa umekwisha kuwa bapa;
nikaupaka mate, nikaurudisha,
kwa sababu duka lilikuwa limefungwa
na ilikuwa Jumamosi
na franka mia tano ni franka mia tano.

"Ni pale?" Alikuwa amesimama nyuma yangu.
"Ni pale."
Ningeweza kusema: barabara.
Ningeweza kusema: vipuri vya siku hizi, Mama.
Yav alinishikia taa, na haikutikisika.
"Ni mkono wangu," nikasema. "Mwaka jana."

Mahali fulani jenereta ikakohoa, ikashika.
"Na keki yangu?" akauliza.

Asubuhi nikaweka mpira mpya, nimeupaka mafuta ya kompresa,
nati nikaianza kwa vidole kabla ya spana.
Pampu ikavuta hewa dakika arobaini.
Tukaizima, tukautazama mshale nusu saa nyingine,
bila kuongea, kama watu kwenye msiba.
Haukusogea.
Ndipo gesi, kwa mizani, si kwa macho.

Ubaridi ukatoka, kioo kikafanya ukungu.
Sikuchukua pesa. Yeye hakunishukuru,
na alikuwa na haki.

Mpira wa zamani uko juu ya meza,
mweusi, mdogo kuliko pete ya mtoto.
Yav aliuliza kama autupe.
Nikasema, ngoja.